Chai Isiyo na Moshi

Hoteli yangu ilikuwa ya mabati, meza nne, karibu na pale malori yalikuwa yanaegesha hapa Eldoret. Usifikirie hoteli ya kulala. Ya chai na mandazi. Mimi shule niliachia darasa la tatu, kwa hiyo nikizunguka nivumilie. Mke wangu ndiye alikuwa anapika, kwa kuni, na moshi ulikaa humo ndani kama mteja asiye na haraka. Hata ile picha ya rais, ambayo miaka hiyo kila mwenye biashara alitundika ukutani atake asitake, nilikuwa naifuta kila asubuhi, maana vijana wa chama wangepita wakaniuliza kwa nini nimempaka mkubwa masizi.

Haya, turudi. Mke wangu akaanza kukohoa, kikohozi cha kushika ukuta. Daktari akasema moshi uishe ama mama atoke jikoni. Mwenyewe akaniambia akitoka jikoni atakaa nyumbani kuchunga kuku, na kuku tulikuwa naye mmoja. Basi nikauza ng'ombe dume niliyemwacha kwetu magharibi. Ndugu zangu walinuna, wengine mpaka leo. Nikanunua jiko la gesi na mtungi.

Ikawa raha. Picha ikang'aa, kikohozi kikapungua. Shida ikawa wateja.

Kulikuwa na mkulima mmoja wa kijiji cha Ziwa, nje ya mji, mtu wa sauti kubwa, aliyekuwa analeta maziwa mjini kwa pikapu yake. Kwao hata kibuyu cha maziwa husuguliwa ndani kwa makaa kabla ya kutiwa maziwa, kwa hiyo ulimi wake ulijua moshi. Alionja, akaweka kikombe chini, akatangazia hoteli nzima kwamba chai hii haijapikwa, imepashwa tu. Wengine, ambao jana yake waliinywa na kuongeza, nao wakaanza kuonja kama majaji. Meza zikabaki wazi. Nikamwona mke wangu anaangalia pale kuni zilikuwa zinakaa.

Mambo ya gesi nilifunzwa na dereva wa lori aliyekuwa anashuka Mombasa na kurudi. Alisikia kwa mabaharia kwamba huko Uarabuni gesi hutoka ardhini pamoja na mafuta, na miaka mingi walikuwa wanaichoma hapo hapo visimani, moto unawaka mchana na usiku bila hata sufuria juu. Niliudhika sana. Mke wangu anakohoa, na mtu anachoma gesi bure jangwani. Akasema siku hizi wamejanjaruka. Nyingine wanaigandamiza kwenye mitungi kama yetu. Nyingine wanaipoza mpaka inakuwa kama maji, wanaitia kwenye meli iliyoundwa kama thamosi, inaenda mpaka Japani. Hapo kwa thamosi nilielewa mara moja. Ya kwangu inazuia chai isipoe, ya kwao inazuia baridi isitoroke.

Mtungi ukaisha. Kwenye kituo cha petroli wakaniambia mji mzima hauna gesi, meli haijafika. Dereva akasema labda wenye meli wamesikia bei nzuri kwingine wakageuza usukani. Sikuweza kuwalaumu. Hata mimi andazi la mwisho nilikuwa nampa aliyeshika pesa mkononi.

Nikarudia kuni. Mke wangu nikampeleka kwa dada yake, huko kijijini Kiplombe, akapumue, nikapika mwenyewe. Niseme ukweli, majani nilitia maziwa yakiwa baridi, na mkono wangu wa sukari hauna breki. Mkulima wa Ziwa akasikia moshi umerudi, akaja mbio. Akapiga funda moja, akaniuliza kwa sauti ya chini, kitu ambacho sikuwa nimewahi kumsikia akifanya.

"Mzee, hii umepika na nini?"

"Kuni. Kavu kabisa."

"Na Mama yuko wapi?"

"Kiplombe. Moshi unammaliza."

Akasukuma kikombe kando. "Kumbe haikuwa moshi," akasema. Akaomba ule mtungi mtupu, akautupa kwenye pikapu katikati ya mikebe ya maziwa, akaondoka bila kumaliza chai.

Kila akiingia mjini alipitia kituoni kuuliza meli. Siku gesi ilipofika mimi sikuwa hata nimesikia. Niliona tu pikapu inasimama mlangoni, mtungi nyuma umejaa, na mke wangu mbele amejifunga leso mpya. Alinieleza kwamba jamaa alifika Kiplombe akamwambia: "Mama, rudi. Pikia hata kwa betri ya tochi, sisi tutakunywa."

Mke wangu akawasha gesi, akangoja maziwa yachemke ndipo akatia majani. Mkulima akanywa kikombe kizima, akaongeza cha pili. Lakini mtu wa maneno ni mtu wa maneno.

"Ni tamu," akasema. "Ila moshi kidogo tu ungefaa."

"Ukitaka moshi," mke wangu akamjibu, bila hata kukohoa, "chukua kikombe chako usimame nyuma ya lori."