Moja Tisa Mfukoni

Nichekeni tu, kwani Isiolo nzima imeshanicheka. Mimi ni mwalimu wa hesabu, na tangu vita vya shifta vianze, askari wanapekua kila mtu kwenye kizuizi cha Chechelesi, wakitafuta wapelelezi wa waasi hao. Jana walinitoa mfukoni karatasi niliyoandika tarakimu ya moja mara tisa, zimepangwa mstari mmoja: 111111111.

"Umehesabu malori yetu," sajenti akasema. "Tisa!"

Nikajitetea. "Afande, hiyo ni namba moja kubwa! Nimeichunguza wiki nzima. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Naapa kwa cheti changu cha ualimu!"

"Isome kwa sauti."

Nikasimama kama niko darasani. "Milioni mia moja na kumi na moja, elfu mia moja na kumi na moja, mia moja na kumi na moja."

Nyuma yangu Mama Halima, muuza maziwa, alikuwa akifungia punda vibuyu, vitatu kila kamba. Akaguna. "Wallahi mwalimu, umetaja kitu kimoja mara tatu. Hiyo mia moja na kumi na moja si inaigawanya yote?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Sajenti akanirudishia karatasi.

"Mwacheni aende. Shifta wangemtuma mtu anayejua hesabu."