Deo, leo mlango nimeulinda mimi

Siamini bado. Ijumaa Deo ameikataa kazi yangu kama kawaida yake, Jumapili dada yake ananipigia kusema moyo umesimama. Nina hasira na sijui nimkasirikie nani. Basi Deo, nakukasirikia wewe.

Kwa msiomjua: tulikaa meza moja ofisini Kicukiro, tukitengeneza programu ya sarafu za kidijitali. Mimi wallet, inayotunza funguo za mteja. Yeye node, inayoongea na mtandao na kukagua miamala. Katikati kuna interface, mlango mmoja tu wa kuulizana, na Deo alijifanya bawabu wake.

Kuna siku nilitaka salio lionekane haraka. Nikaiingiza wallet moja kwa moja kwenye hifadhi ya node, na ikafanya kazi vizuri kabisa. Deo akaifuta. Kwenye review, pale tunapokaguana kazi, akaniandikia kwa Kiswahili cha mtaani kwao Buyenzi, na ile "sha" yake ya kumwita rafiki: "Sha, mlango iko. Pita mlangoni."

Nikamwambia wateja wanasubiri. "Basi wasubiri kidogo. Siku mimi nitageuza ndani kwangu, wewe utalia." Halafu akaenda kuchukua chai, akaniletea na mimi.

Akageuza kweli. Alibadilisha hifadhi yote ya node na wallet haikutikisika. Siku nzima ananitazama tu, anatabasamu. Afadhali angenicheka.

Hata kwake Masaka, ua una upenyo ambao majirani wote wanaupita. Yeye atakuzungusha mpaka getini, mvua inanyesha, umebeba mfuko wa viazi. Mkatoliki asiyesikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

Jana baada ya mazishi watu wote walirudi nyumbani kwake kwa ule upenyo. Mimi nikazunguka getini peke yangu, viatu vya kanisani vimejaa tope, nakulaumu njia nzima.

Leo asubuhi mwenzetu mmoja ofisini kaleta njia ya mkato ileile. "Ni ya muda tu," anasema, "na Deo hayuko." Hakuna mtu pale aliyeitaka kuliko mimi. Nimeikataa. Nimeandika maneno yako vilevile ulivyoyaandika, sikusahihisha hata moja, kisha nikatoka nje nikalia.

Umeniachia ubawabu bila hata kuniuliza, Deo. Nimechoka nawe, na nitakukosa kila nikifungua kompyuta.

Lala salama, sha. Mlango iko.