Masomo Matano kwa Sauti ya Kisima

Tangazo lilisema masomo ni matano: Biolojia, Kemia, Hisabati, Kiingereza na Maarifa ya Jumla. Manne ya kwanza nilikuwa nayajua kwa sura. Hilo la tano ndilo lililoninyima raha, kwa sababu halikuwa na kichwa wala mkia. Kitabu chake kinauzwa wapi? Nilizunguka maduka ya vitabu ya Garissa juani, na kila muuzaji akanipa chake: mmoja ramani ya Afrika, mwingine Katiba, wa tatu gazeti la juzi. Mama mdogo wangu, habaryar tunavyomwita kwetu, ambaye nilikuwa nakaa kwake, alisema maarifa ya jumla ni kumjua ngamia mgonjwa kwa kumtazama macho, na kama hawaulizi hilo basi mtihani wenyewe ni bure.

Mtihani, ambao ungefanyiwa Garissa, ulikuwa wa ufadhili wa kusomea uuguzi, na kwa kaunti yetu ya Mandera nafasi ilikuwa moja tu. Na katika nyumba ile ile ya habaryar, tuliokuwa tunaitaka nafasi hiyo tulikuwa wawili. Mimi nilikuwa nimetoka Takaba baada ya kumaliza kidato cha nne. Mwenzangu alikuwa mzaliwa wa El Wak, binti wa mama yangu mkubwa, na kwa desturi yetu huyo ni dada, habari ya binamu haipo. Alikuja na mtoto wake wa kike aliyekuwa ameanza kusimama kwa kushikilia vitu. Mumewe alibaki Rhamu kwenye shamba lake la vitunguu kando ya mto Daua, akamwambia nenda, ukishindwa urudi na ukipata urudi vilevile.

Dada alikuwa na sababu yake. Alipojifungua kwao El Wak, muuguzi aliyekuwa zamuni alikuwa mtu wa bara asiyejua Kisomali, na dada wakati huo Kiswahili kilikuwa kimemkimbia kwa uchungu. Ikabidi aitwe mwenye duka la jirani, mwanamume, asimame nyuma ya pazia na kutafsiri kwa sauti kubwa: anasema sukuma, anasema ngoja. Kila alipokisimulia kisa hicho watu walicheka, yeye hakucheka. Mimi, niseme ukweli, sababu yangu ilikuwa moja: nilikuwa nimechoka kukaa. Tangu nimalize shule nilikuwa nahangaika kama kuku anayetaka kutaga. Nikiketi nataka kusimama, nikisimama nataka kwenda, na pa kwenda sina.

Jirani yetu alikuwa msichana wa bara, binti wa polisi aliyehamishiwa Garissa, na yeye pia alikuwa anafanya mtihani huo, ila kwa nafasi za kaunti ya kwao. Alikuwa na rundo la karatasi za mitihani ya nyuma. Alisoma kimya, amelala kifudifudi kwenye mkeka, kalamu mdomoni, saa nzima bila kusema neno. Nilimshangaa. Nilidhani anasinzia.

Sisi hatukufundishwa hivyo. Kabla ya shule tulipitia dugsi, chuo cha Qur'ani, na pale hakuna kusoma kimya. Mnaketi duara, mmoja anasoma aya, wa pili anapokea inayofuata, wa tatu inayofuata, mpaka duara linazunguka na anayepotea anajulikana papo hapo. Kwa hiyo mimi na dada tulikata Biolojia mistari mistari, Kiingereza chake kilekile cha kitabuni, tukaanza kupokezana. Mimi: damu huingia chumba cha kulia cha juu. Yeye: hupita kwenye vali, hushuka chumba cha chini. Mimi: husukumwa kwenda mapafuni. Ilienda vizuri, ikaenda kwa mahadhi tuliyoyazoea, mpaka habaryar akatoka jikoni na kibuyu cha maziwa mkononi. Yeye huuza maziwa ya ngamia sokoni na hasira zake huziweka kwa ajili ya nyumbani.

"Mahadhi ya Qur'ani mnayasomea matumbo ya sungura?" aliuliza. "Tafuteni sauti nyingine."

Sauti nyingine aliileta dada. El Wak ni mji wa visima, na baba yake aliteka maji visimani tangu ujana. Kisima kikiwa kirefu, wanaume husimama ndani ngazi kwa ngazi, mmoja juu ya mwingine, na ndoo hupanda mkono kwa mkono hadi kwenye hori la ngamia. Huimba wakiteka. Wimbo si wa starehe. Ndio unaomwambia kila mmoja ndoo iko wapi, kwa sababu kule chini hakuna nafasi ya kuinama kutazama. Unasikia sauti ya aliye chini yako, unanyoosha mikono, ndoo iko hapo.

Basi tukaisoma Biolojia kwa sauti ya kisima. Tukamaliza moyo, tukaingia figo, tukaingia Kemia, na hata Hisabati tukaiimba kanuni zake. Maarifa ya Jumla tuliyatungia mistari yetu wenyewe: miji mikuu, maziwa ya Afrika, sura za Katiba, kila kitu tulichohisi mtu mwenye nia mbaya anaweza kukiuliza. Mwanzishaji nilikuwa mimi siku zote, kwa kuwa sikuweza kungoja zamu. Sikuweza kuketi pia. Nilizunguka ua, kutoka tangi la maji hadi mlangoni na kurudi, nikitupa mstari, na dada ameketi kivulini akinyonyesha, ananifuata kwa macho na kupokea.

Binti wa polisi alikuja kututazama, mwishowe akaketi.

"Nyinyi mnasoma ama mnaimba?" aliuliza.

"Yote mawili," nikamwambia.

"Na swali likianzia katikati je? Mtihani haukuulizi kutoka mwanzo."

Habaryar alimsikia. Kiswahili chake ni cha sokoni, akamjibu kwa hicho. "Wewe mtoto ya bolis, soma kitabu yako. Hawa nabeleka maji, maji nafika."

Yule msichana alicheka mpaka akalala chali. Lakini neno lake lilinibakia. Nilimjaribu dada. Nilinyamaza, nikamwambia anza wewe, moyo, kutoka popote. Akamhamisha mtoto titi la pili. Akanitazama kwa utulivu ule ule wa siku zote, akingoja.

"Anzisha," alisema. "Ukianzisha nitafuata."

"Kule sitakuwepo."

"Anzisha tu, abaayo, dada yangu."

Nikaanzisha, naye akafuata bila kukosa hata neno. Ndipo nilipojua kwamba nafasi ni yangu. Nilimwonea huruma kidogo, na huruma yenyewe ilikuwa tamu. Binti wa polisi, ambaye alikuwa na methali kwa kila jambo, aliniona nikitembea kwa madaha siku ile akaniambia, "Kutangulia si kufika." Nikamwambia akalale na karatasi zake.

Siku ya mtihani tulikwenda pamoja, mtoto tukamwacha kwa habaryar. Ukumbi ulikuwa na madawati yaliyotengana, na korongo wamekaa juu ya miti nje kama wazee waliokuja kusikiliza kesi. Dada alipangiwa dawati la kando ya dirisha. Mimi nilipangiwa katikati.

Swali la kwanza liliuliza vali iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto. Katikati kabisa ya wimbo. Nilijaribu kuingia hapo hapo nikashindwa. Ilibidi nishuke mpaka chini ya kisima, nianze na damu inavyoingia chumba cha kulia, nipande nayo ngazi kwa ngazi. Na kila mstari wa pili haukuwa wangu. Nilikuwa naujua, ndio, lakini niliujua kwa sauti ya dada, kwa hiyo nililazimika kumngoja kichwani mwangu aseme, na dada, hata kichwani mwangu, hana haraka. Midomo yangu ikaanza kwenda. Mguu ukaanza kupiga sakafu. Wenzangu walikuwa wanafunua ukurasa wa pili.

Msimamizi alikuja akasimama karibu nami. Alikuwa mwanamume wa makamo, mtu wa bara, mpole.

"Unaongea na nani?"

"Siongei, sir. Nakumbuka."

"Basi kumbuka kimya. Unasumbua wenzako."

Nilijaribu. Nikifunga mdomo, maji yanakauka. Nikifungua, watu wanageuka. Akarudi mara ya pili, na badala ya kuninyang'anya karatasi kama nilivyoogopa, alibeba dawati langu mwenyewe akalitoa verandani, akaniweka ukutani mahali anaponiona kutoka mlangoni.

"Hapa kumbuka upendavyo," alisema. "Lakini polepole."

Nilifurahi kupita kiasi. Joto la nje lilikuwa la kupasua kichwa, lakini nilikuwa peke yangu na mguu wangu ulikuwa huru. Niliimba kwa chini chini, mistari yangu na ya dada, nikiteka na kumimina. Moyo, figo, chumvi na asidi, vipeo, maziwa ya Afrika. Maarifa ya Jumla yenyewe yaliuliza mambo mengi ambayo hatukuyatungia mstari, na hapo niliandika la kwanza lililonijia, maana sikuweza kukaa na swali lisilo na mwanzo. Nilimaliza mapema. Nilikuwa wa kwanza kutoka kwenye lango, nikanunua soda, nikamngoja dada aliyetoka wa mwisho.

Majibu yalikuja kwa ujumbe wa simu, wakati dada anamwosha mtoto uani. Wangu ulisema asante kwa kushiriki. Wake niliusoma mimi, kwa sababu mikono yake ilikuwa na sabuni. Nafasi ilikuwa yake.

Sikusema hongera. Nilisema, "Ulianzaje?"

Hakunificha. Hajui kuficha. "Sikuanza," alisema. "Nilikaa pale nimekauka. Nikasema basi, nitarudi Rhamu nikapalilie vitunguu. Halafu nikakusikia dirishani."

"Ulisikia majibu yangu?"

"Wallahi, maneno hayakufika. Ilikuwa sauti tu, kama ya mtu aliye chini sana. Nikajua ndoo iko wapi. Nikanyoosha mikono."

"Na yale ambayo hatukuyaimba?"

"Yale nilisoma swali, nikasoma tena, nikangoja. Si nimezoea kungoja?"

Nilikasirika. Nilikasirika kwa hasira ya kitoto, isiyo na mtu wa kupewa. Nani nimlaumu, msimamizi kwa upole wake? Dirisha? Nilitoka bila kiatu kizuri, nikatembea mpaka daraja la Tana, nikayatazama maji mekundu yakienda zake, nikarudi, nikaona hasira bado ipo, nikaenda tena. Niliporudi mara ya pili habaryar alikuwa ameniwekea chai ya maziwa ya ngamia na hakuuliza kitu. Binti wa polisi alikuja baadaye. Yeye alikuwa amepata. Alikuwa na methali mdomoni, nikaiona, akaimeza.

Chuo kilikuwa mbali, bara, mahali pa baridi, na mtoto hakuweza kwenda. Dada alimwachisha ziwa. Siku ya kuondoka alimfunga mgongoni mwangu yeye mwenyewe, akakaza kanga, akakagua fundo, akakagua tena. Hakulia mpaka basi lilipoanza kutembea. Mimi nilibaki Garissa kungoja tangazo lingine, na kungoja, kama nilivyokwisha kusema, sikujaliwa.

Wiki chache baadaye simu ililia mchana. Dada alikuwa na mtihani wa darasani.

"Abaayo, anzisha."

"Anzisha mwenyewe. Wewe ndiye uliye chuoni."

Nilisikia upepo wa huko chuoni, na mtu akicheka mbali. Hakukata simu. Alikuwa anangoja, na mtoto mgongoni mwangu alikuwa amesikia sauti ya mama yake na kuanza kurusha miguu. Nilisimama pale karibu na tangi la maji. Kisha nikaanza. Damu huingia chumba cha kulia cha juu. Akapokea. Nikatembea mpaka mlangoni, nikarudi, akapokea tena, na mtoto akatulia kwa ile sauti mpaka akalala.

Ikawa desturi. Kila akiwa na mtihani alipiga, nami nikaanzisha. Niliona ni haki yangu hata kulalamika, na nililalamika, na yeye alinisikiliza mpaka nimalize ndipo aseme, "Haya, anzisha."

Halafu ikaja alasiri moja alipopiga na hakuniambia nianzishe. Alianza yeye. Ulikuwa mstari juu ya mama mwenye uchungu wa kuzaa: namna ya kuweka mkono tumboni na kuhesabu kutoka uchungu mmoja hadi mwingine. Aliusema kwa sauti ya kisima, taratibu, Kiingereza kwanza, kisha Kisomali, ili mama wa El Wak asihitaji mwenye duka nyuma ya pazia. Akafika mwisho wake akaniachia.

Zamu ilikuwa yangu. Nilitafuta kote, katika moyo, figo, chumvi, maziwa ya Afrika. Mstari wa kufuatia hapo sikuwahi kuutunga wala kuusikia. Kule upande wa pili dada alikuwa anangoja kama alivyoningoja siku zote kivulini, bila kunicheka na bila kunisaidia.

Niligundua nimesimama. Sikuwa natembea, mguu haukuwa unapiga chini, na mtoto alikuwa ameinua kichwa kuona kuna nini.

"Rudia," nikamwambia dada. "Polepole."