Hasi Moja ya Kizota

Tulikuwa tumepanga chumba Area D, mimi na dada mmoja wa Chemba niliyesoma naye chuo, tunaandika programu za kompyuta. Mteja wetu wa kwanza wa maana alikuwa mama mwenye kiwanda kidogo cha kukamua alizeti kule Kizota. Alitaka mzani wake ukishapima gunia la mkulima, uzito ujihifadhi wenyewe.

Tulichagua WebAssembly, muundo wa msimbo unaokubalika na kompyuta za kila aina, ili programu iweze kufanya kazi kwenye kompyuta yoyote atakayopata. Mimi niliandika sehemu ya kufungua faili na kuandika ndani yake. Mwenzangu akashika mzani na kioo cha kompyuta. Tulibishana jambo moja tu. Kompyuta ikifungua faili, hulipatia namba ya kulitambulisha. Je, namba hiyo iwe ya aina inayokubali hasi, au isiyokubali?

"Ikubali," nilisema. "Faili likigoma kufunguka, narudisha hasi moja. Watu wamefanya hivyo miaka yote."

"Lakini kaka, hakuna faili lenye namba hasi. Kosa tulitaje peke yake, lisijifiche ndani ya kitambulisho."

Hatukuelewana. Nikatumia aina yangu, naye akatumia yake, na programu ikakubali bila kulalamika. WebAssembly yenyewe haiweki alama ya hasi wala chanya kwenye namba nzima. Inabeba biti tu, yaani sifuri na moja. Amri inayozisoma ndiyo inayoamua kama ni hasi au si hasi.

Msimu wa alizeti ulipoanza, mama akatupigia simu twende. Tulikuta wakulima wamekaa juu ya magunia, mashine ya kukamua imezimwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Kompyuta yenu inaniambia imehifadhi. Imehifadhi wapi?"

Kadi ya kumbukumbu, ambamo faili hukaa, ilikuwa imechomoka kwa mtikisiko wa mashine. Faili halikufunguka, na sehemu yangu ilirudisha hasi moja kama nilivyotaka. Sehemu ya mwenzangu iliisoma kwa aina isiyojua hasi, ikaona namba kubwa ajabu, zaidi ya bilioni nne, ikaridhika kwamba faili lipo. Hata jibu la kuandika uzito, ambalo nalo lilikuwa hasi moja, lilisomwa hivyo hivyo. Kioo kikaendelea kusema "Imehifadhiwa" kwa kila gunia.

Magunia mengi yalikuwa bado yamefungwa, yakapimwa upya. Ila alizeti ya mzee mmoja wa Kondoa ilishamwagwa ndani ya mashine. Nilimwendea, nikamweleza kwamba uzito wake umepotea.

"Nilipima nyumbani kabla ya kuja," alisema. Akautaja.

Mama alimtazama kidogo. "Andikeni huo huo."

Mwenzangu alikaa juu ya gunia tupu, kompyuta magotini, nami nikachuchumaa kando yake. Hatukubishana tena. Kitambulisho kikawa cha aina isiyo na hasi pande zote mbili, na kosa likapewa jibu lake, ambalo lazima lisomwe kabla ya kugusa namba yoyote. Kisha nikachomoa kadi kwa makusudi, tukaweka gunia mzanini. Kioo kikaandika: "Haijahifadhiwa. Angalia kadi." Tukairudisha kadi, na mama akaturuhusu kuwasha mashine.

Tulipokuwa tunatembea kuelekea barabarani, mwenzangu akacheka peke yake.

"Ni kama jina la bibi yangu, linaanza na kidoko cha ulimi," alisema. "Karani aliliandika kwa herufi alizokuwa nazo. Kila ofisi wanalisoma wanavyojua, na bibi haitiki."

"Lenyewe hasa likoje?"

Alilitamka kwa Kisandawe, lugha ya kwao, taratibu, mara mbili. Nilijaribu. Nikajaribu tena huku tukipunga mkono kusimamisha bajaji, na dereva akauliza kama nimeng'atwa na kitu.