Wachina wa Kale, Redio ya Kindu na Sufuria Yangu

Mtoto wa dada yangu ni mwalimu. Miaka hii amejipatia kazi nyingine ya Jumapili: anasoma redioni, hapa Kindu, mafundisho ya wazee wa China wa zamani sana. Hakuyapata kwa Wachina. Aliyatoa katika kitabu kidogo cha Kifaransa ambacho mzungu mmoja aliwaandikia wazungu wenzake waliochoka. Kila sura inaanza na mtu wa biro, yaani wa ofisini, asiyepata usingizi. Halafu mzee wa China anakuja kumwambia aache kuhangaika, awe kama maji, na mwisho kuna mazoezi: zima simu, keti bustanini, sikiliza ukimya.

Jumamosi mwalimu alikuwa anapitia kwangu kwanza na karatasi zake za Kiswahili, kwa sababu, alisema, nikielewa mimi basi Kindu nzima itaelewa. Alinionjesha mafundisho kama mtu anavyoonja chumvi ya mboga ya sombe. Mimi shule niliiachia darasa la nne, lakini mdomo ninao. Nilimwambia huku simu inajizima yenyewe, umeme ukikosekana, haina haja ya Mchina. Bustani ya Kindu imejaa mbuzi za jirani. Na mtu wa biro asiyepata usingizi, hapa mtaani kwetu Kasuku, ni yule ambaye wizi wake umekaribia kujulikana. Basi tukamtoa mtu wa biro, tukamweka mtu wa baiskeli, wale waliokuwa wanasukuma magunia ya mchele kutoka Kibombo kwa miguu. Mchina akaongea na huyo. Ikawa tamu. Hata mimi nikaanza kumpenda yule mzee.

Fundisho moja tu lilitugombanisha. Kwamba mwenye hekima hasukumi vitu kwa nguvu, hafanyi chochote, na kazi inafanyika. Mwalimu alilifupisha vizuri: kuna mambo yanafanyika bila mtu kuyafanya. Nikamwambia hilo usilisome. Akauliza sababu. Nikamwambia sababu inauza mafuta ya mawese hapa hapa kwenye avenyu yetu.

Kabla ya vita nilikuwa na sufuria kubwa ya aluminiamu. Siku za kawaida nilipika wali na maharagwe, nikauza karibu na stesheni ya treni. Siku za arusi na za matanga, avenyu nzima ilikuja kuniomba ile sufuria. Hakuna mtu aliyeolewa au kuzikwa upande wetu ambaye wageni wake hawakula kutoka humo.

Vita ikaja. Mjini walikaa askari, porini wapiganaji. Ukienda shambani, wa mjini wanasema unawapelekea wa porini chakula. Ukirudi, wa porini wanasema umekwenda kuwauza. Watu husema vita ilituharibu. Mimi siongei hivyo. Mimi nasema kamanda wa mjini aliyefunga njia ya mashamba. Nasema mkubwa wa mtaa aliyeuza karatasi za kupita, na binamu zake wakapita bure. Nasema mfanyabiashara aliyeficha chumvi chini ya kitanda chake mpaka sisi tukawa tunachuja majivu. Majina ninayo yote. Mwalimu amenikataza kuyaandika, lakini ukifika sokoni uliza tu, utapelekwa mpaka mlangoni.

Na nasema huyu wa mafuta. Alikuwa kijana wa avenyu yetu, amekula wali wangu tangu hana meno ya mbele. Aliingia porini na wale wa dawa, waliokuwa wanajinyunyizia maji ili risasi zigeuke maji. Maji hayo yalitaka chombo kikubwa, na kijana wetu alijua chombo kikubwa kinakaa wapi. Wakaja na bunduki mchana. Hakunisalimia. Aliibeba kichwani imepinduliwa kama kofia, mpaka mabega yakafichika, na kitu cha mwisho nilichokiona ni sufuria yangu ikiondoka kwa miguu miwili.

Mwaka ule mdogo wangu, yule aliyenifuata ziwa moja, alikufa kwa njaa. Sisemi sufuria ingemponya. Nasema biashara yangu ilikufa siku ile, na yeye akafuata.

Amani ilipokuja, kijana akarudi mtu mzima, akaoa, akafungua duka. Kila nikimuuliza alinijibu kwa heshima kabisa, kama daktari anayetaja ugonjwa: "Mama, vita njo ilichukua." Yaani ni vita, si yeye. Watu wakaniambia kuko sufuria kubwa nyuma ya nyumba yake. Nikaenda kumuuliza hiyo tena. Akasema: "Ile yako vita ilichukua. Hii, vita iliniletea." Sikutaka mengi. Nilitaka tu aseme kwa mdomo wake, mbele ya watu, kwamba ni yeye. Vita haina kichwa cha kubebea sufuria.

Mwalimu akalisoma lile fundisho hata hivyo. Jumatatu asubuhi mtu wa mafuta alikuja kwangu mwenyewe, amefurahi kama mtu aliyepata ndugu.

"Mama, ulisikia redio jana? Hata wazee wa China walijua. Kuko mambo inafanyikaka bila muntu kuifanya. Ile sufuria iliondoka vile vile."

Mwalimu nilimtukana mpaka akavua miwani. Akajitetea kwamba huyo amekosea, Mchina hakusema mtu akwepe alichofanya, alisema mtu asilazimishe. Unaweza kukaa bila kusukuma, mahali pa chini, kama maji yanavyokaa, na jambo likaja lenyewe. Kosa lake, alisema, lilikuwa kutompa msikilizaji mfano wa Kindu. Nikamwambia mfano nitautoa mimi.

Kesho yake nilikwenda kwenye uwanja wa mtu wa mafuta naye hayuko. Nikakaa chini mbele ya mlango wake, kwenye udongo, bila mkeka, miguu nimenyoosha, kitambaa cha kichwa kimeteleza mabegani. Sikulia. Sikumtukana mtu. Mahali pa chini kabisa, bila kusukuma kitu, kama redio ilivyosema.

Sasa, kwetu mwanamke wa umri wangu akikaa hivyo kwenye uwanja wa watu, maana yake ni moja tu. Wa kwanza kupita alikuwa muuza makayabu, wale samaki wa chumvi. Akasimama akauliza nani amekufa. Nikamjibu mimi nimekaa tu. Akatikisa kichwa kwa huruma, kwa sababu hata mfiwa wa kweli anajibu hivyo, akatua beseni lake akakaa kando yangu. Waliomwona yeye wakakaa nao. Mmoja akaanza kuimba chini chini. Kuni zikafika. Vijana wa pikipiki wakazima injini wakaleta viti vya wanaume. Mke wa mtu wa mafuta alitoka jikoni akakuta matanga kwake, akafunga kitenge kiunoni akaja kulia na sisi, akiwa anasubiri mtu amwambie jina.

Mume alirudi mbio, ametumiwa habari sokoni. "Nani? Mama yangu?" Wakamwambia atulie, mama yake ndiye yule anachambua mchele. Akaniona. Akaelewa kabla ya wote, nikaona jasho, lakini angesema nini? Mtu hafukuzi matanga nyumbani kwake.

Jua lilikuwa limesimama na watu lazima wale. Yule aliyeshika moto, mwanamke mfupi wa upande wa mto ambaye akipika hataki mchezo, akaomba chombo kikubwa. Mtu wa mafuta akasema hakuna. Mke wake akamshangaa, akauliza kwani ile ya nyuma imekwenda wapi, akatuma watu. Ikaja. Imebonyea upande mmoja na mkono wake umefungwa waya, lakini nilikuwa nimeshaitambua kabla haijapita kona ya nyumba.

Matanga yetu ina desturi: chombo hakipandi motoni kabla mwenyewe hajatajwa mbele ya watu, ili mwisho wa kilio kisipotee. Yule wa moto akauliza: "Ya nani?"

Mtu wa mafuta akarukia kando. Akasema hiyo mwanamke haigusi, ilikuwa ya dawa, ina mwiko.

"Na miye ninaiosha kila asubuhi," mke wake akasema, "miye niko nini?"

Nimekaa matanga nyingi. Sijawahi kuona ikicheka hivyo. Wengine walilala kabisa kwenye udongo. Yule wa moto hakucheka, alikuwa na njaa ya watu wengi mkononi. Akauliza tena ya nani. Mtu wa mafuta akanitazama. Mimi sikufanya kitu. Hata kukohoa sikukohoa.

"Ya huyu mama," akasema. "Ni vita njo—"

"Vita iko wapi tuirudishie?" yule wa moto akamkata. "Mwenye kurudisha ni nani?"

Mtu wa mafuta akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Mimi. Mimi njo nilichukua. Nilibeba ku kichwa."

"Haya," yule wa moto akasema, akaipandisha.

Wali ulipoanza kuchemka, mtu mmoja akakumbuka kuuliza kile ambacho hakuna aliyekijua: basi tunamlilia nani? Wote wakanigeukia. Sikuwa nimeandaa jibu. Nikamtaja mdogo wangu. Tulimzika mbio mbio, saa ya hofu, bila mkeka, bila wimbo, bila punje ya mchele ya kumpa mtu. Wengi pale walimjua. Muuza makayabu alikuwa amesuka nywele naye. Basi wakalia, safari hii kwa jina, na mke wa mtu wa mafuta alilia kuliko wote, ingawa alifika Kindu baada ya vita.

Tulipokwisha kula, watu wakaanza kunipa pole mmoja mmoja kabla ya kutawanyika. Yeye alikuja mwisho, kwenye mlango wake mwenyewe, akiwa ameshika sufuria iliyooshwa. Akaiweka mbele yangu, akanyoosha mkono.

"Pole, mama."

"Ya sufuria ao ya mdogo wangu?"

Akafikiri sana. "Ya vyote viwili."

Nikamwambia ya sufuria nimepokea.