Kamba wa Bwana Enoka

Tarehe 16 Machi 1985, Butiama. Manyunyu alfajiri, jua kali kuanzia saa nne.

Enoka, bwana samaki wetu, alikuwa mtu wa kugawa kila kiumbe katika makundi matatu: walao majani, walao nyama, walao vyote. Ng'ombe, mamba, nguruwe. Msibani aliweza kuwapanga waombolezaji kwa jinsi walivyoshika tonge.

Mwaka jana, biashara ya nje ilipolegezwa, Twalib mfanyabiashara wa Bunda alirudi kutoka Kenya na vitenge, sabuni na ndoo ya kamba wa maji baridi, wadudu wa magamba wenye magando mawili. Enoka aliwachukua sita, akawafuga kwenye karai nyumbani kwake Buhare kwa wiki mbili, akiwapa mchicha. Wakaula. Akajaza fomu ya wilaya: mla majani. Kisha akawatia katika bwawa la Skolastika, mjane wa hapa Butiama, ili wale magugu.

Magugu kweli yaliisha. Skolastika alifurahi, maana perege wa bwawa lile aliwatunza kwa ajili ya wageni wa kipaimara cha binti yake, Nyamburi, kesho Jumapili. Mboga nyingine hakuwa nayo.

Leo ametoa maji bwawani. Kamba walijaa matopeni kama kokoto. Perege walikuwa wanne, wawili hawana mikia. Wadogo hakuna hata mmoja. Kamba mmoja alikuwa bado amekumbatia kichwa cha samaki, anatafuna taratibu.

Enoka aliitwa. Alisimama ukingoni, akamtazama kamba yule.

"Huyu labda ni mgonjwa," alisema.

"Mgonjwa ana shibe hiyo?" Skolastika aliuliza. "Bwana Samaki, kule kwenye karai uliwapa nyama wakaikataa?"

"Nyama ningeitoa wapi, Mama Nyamburi? Mwaka jana wenyewe nyumbani tulikuwaga tunakula mchicha huohuo."

"Basi ungejiandika na wewe kwenye majani. Na Buhare nzima."

Majirani walicheka. Mzee Makongoro alisema mwaka ule wa unga wa yanga, mahindi ya njano ya msaada, hata fisi wa Nyamuswa wangepita mtihani huo.

Enoka alianza kueleza kwamba kisayansi kiumbe aweza kubadilika kutokana na mazingira. Skolastika alimkatiza.

"Wageni ishirini wanakuja kesho baada ya misa. Wataonjaga mazingira?"

Enoka aliyatazama magando yale, akapendekeza kwa sauti ndogo kwamba huko ng'ambo watu huwachemsha.

"Niwapikie wazee mdudu? Siku ya mwanangu?"

Enoka alipanda baiskeli akaondoka bila kuaga.

Tarehe 17 Machi. Kengele ya kwanza ya kanisa haijalia, Enoka alirudi ametapakaa vumbi, amefunga majogoo wake wote watatu nyuma ya baiskeli. Alimkabidhi Skolastika, akakunja suruali, akaomba maji ya moto, akaanza kunyonyoa.