Viatu vya Kuli

Shangazi yangu anarekodi hadithi zake ndani ya kabati la nguo. Nyumbani tunamwita Mama Kabati. Anasema makoti yanameza mwangwi, ndiyo maana kila Alhamisi redioni sauti yake huwa kama ya mtu anayekunong'oneza sikioni. Wanaoikosa huisikiliza baadaye kwenye podikasti.

Alhamisi ile alisoma kisa cha kuli aliyepigwa nondo ya kichwa nyuma ya ghala. Muuaji alimvua viatu, akavipanga vizuri kando ya maiti, kama vile vya mgeni mlangoni.

Jumamosi mchana seremala wa mtaa wa pili akaingia kwetu bila hodi, nyundo mkononi. Mdogo wake alikuwa kuli, aliuawa mwaka jana, na muuaji hajulikani mpaka leo.

"Nani alikwambia habari ya viatu?"

"Viatu gani, kaka yangu?"

"Usinifanye mtoto! Nilivikuta mwenyewe, vimepangwa. Sikumwambia mtu, hata polisi. Taja jina!"

"Nilitunga tu."

Akamzaba shangazi kofi, miwani ikarukia chini ya meza. Shangazi alipojaribu kuinuka, akala ngumi ya mdomo. Nilimrukia yule baba mgongoni nikamng'ata sikio kwa meno yote niliyojaliwa. Lilikuwa na ladha ya vumbi la mbao, kisha damu. Akanibwaga chini kama gunia, nikakosa pumzi.

Akaukamata mkono wa shangazi, ule wa kuandikia, akaulaza mezani.

"Jina."

"Sina."

Nyundo ikashuka. Kwenye hadithi huwa tunavunja karoti mbele ya maikrofoni ili isikike kama mfupa. Wala haifanani.

"Shangazi, mtajie yeyote!" nikapiga kelele. "Mtajie hata mtu aliyekwisha kufa!"

Shangazi akatema jino. "Nikimtaja aliye hai, atauawa leo. Nikimtaja marehemu, wataandamwa wanawe. Nyamaza, mwanangu."

Kidole cha pili. Safari hii alilia mpaka sauti ikamkatika.

"Daftari," akahema. "Mpe lile la bluu."

Nikalileta nikitambaa. Shangazi huandika kila mkasa mara kadhaa kabla ya kuchagua atakaousoma. Seremala akabana nyundo kwapani, akasoma polepole, midomo ikimcheza. Mara ya kwanza, muuaji alichukua kofia ya kuli. Kote kumekatwa kwa kalamu nyekundu. Mara ya pili alichukua saa, akakamatwa akiiuza. Nako kumekatwa. Mara ya tatu hakuchukua kitu. Ya nne ndiyo ya viatu, na pembeni shangazi alikuwa ameandika: "Au mkanda? Hapana. Viatu ni bora."

"Bora?" seremala akauliza. "Bora kwa nani?"

Shangazi akajipangusa damu kidevuni.

Yule baba akaketi sakafuni, nyundo ikamdondoka kwapani. "Kumbe hata wewe humjui," akasema, akaanza kulia kwa kelele, makamasi na machozi pamoja, huku mimi nikiivutia nyundo upande wangu kwa mguu.

Alipoweza kusimama, akalifungua tena daftari, akauchana ule ukurasa wa saa.

"Huyu walimkamata," akasema, akiukunja.

Shangazi hakumzuia.